Zirkoni katika graniti za metali adimu: soma kemia kabla ya umri

Anayeanza kazi ya kupima umri wa miamba hufundishwa, na kwa haki, kwamba zirkoni, madini ya zirkoniamu na silika, ndiyo saa ya kutegemewa kuliko nyingine zote. Inapoganda kutoka kwenye magma, yaani uji moto wa miamba, hupokea urani na kuikataa karibu risasi yote, hivyo risasi inayokutwa ndani yake baadaye huwa imetokana na kuvunjika kwa urani hiyo. Tena, kwa kuwa urani-238 ina nusumaisha ya miaka bilioni 4.468 na urani-235 ya miaka milioni 704, punje moja hubeba saa mbili zinazoweza kukaguana. Lakini ukihamia kwenye graniti za metali adimu, yaani zile zilizokusanya lithi, tantali, niobi, bati, rubidi na florini, kama ile ya Beauvoir nchini Ufaransa au ya Abu Dabbab katika Jangwa la Mashariki la Misri, sifa hiyo njema hupungua sana. Hapo sharti usome kemia ya punje kwanza, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha kama umri uliopata ni wa magma, wa vimiminika moto vilivyopita baadaye, au si wa tukio lolote.

Chanzo cha shida ni kwamba graniti hizi huganda kutokana na masalia ya mwisho ya magma iliyokwisha kutoa madini mengi. Elementi zisizokubalika katika madini ya mwanzo hubaki kwenye uyeyuko na kuzidi kukolea, urani ikiwa miongoni mwake. Zirkoni ya graniti ya kawaida huwa na urani ya mamia ya sehemu kwa milioni. Hapa utakuta maelfu, na baadhi ya punje huvuka elfu kumi. Kila atomi ya urani-238 hutoa chembe nane za alfa kabla ya kutulia kuwa risasi, na katika kila hatua kiini cha atomi kilichobaki hurudishwa nyuma kwa nguvu na kuvuruga mpangilio wa fuwele. Baada ya muda mrefu punje huwa metamikti: huvimba, hupasuka, hupoteza risasi yake, na hufyonza kalisi, chuma, maji na risasi ya kawaida isiyohusiana kabisa na umri wake.

Kwa hiyo usikimbilie leza, ule mwali unaochimba doa dogo kwenye punje ili lipimwe. Punje zikishapandwa kwenye epoksi, gundi inayokauka ngumu, na kusuguliwa hadi katikati, zipigie picha za elektroni zinazorudi, pamoja na picha za mwanga ambao fuwele hutoa ikipigwa na elektroni. Wageni wengi huridhika na aina hii ya pili kwa sababu inapendeza, ila zirkoni yenye urani nyingi huonekana nyeusi tupu na haikuambii lolote. Ni ile ya kwanza inayofichua mambo: kiini kilichojaa vitundu, vidoa vyeupe vidogo sana vya madini ya thoriti au ksenotimu ndani ya vitundu hivyo, na pembeni ukingo laini usio na dosari. Mpangilio wa namna hiyo kwa kawaida huashiria zirkoni iliyoyeyushwa na kujengwa upya na vimiminika. Doa la leza likiangukia mpakani mwa sehemu hizo, litakupa mchanganyiko wa matukio mawili ambao haukutokea wakati wowote katika historia ya mwamba.

Katika kemia, anza na hafni, elementi inayofanana sana na zirkoniamu. Zirkoni inapokua hupendelea zirkoniamu zaidi kidogo kuliko hafni, hivyo uyeyuko unaobaki huzidi kuwa na hafni. Uwiano wa zirkoniamu kwa hafni, ambao katika graniti za kawaida huwa karibu 35 hadi 40, hushuka mara nyingi chini ya 20 katika graniti za metali adimu. Hafni ikipanda taratibu kutoka kiini hadi ukingo, huku lanthani ikibaki chini, una sababu nzuri ya kuamini kwamba unaitazama magma. Lanthani ikipanda, fungua mkondo wa ishara za mashine sekunde kwa sekunde: ikiwa imeruka ghafla pamoja na fosforasi huku silikoni ikishuka, leza imegonga punje ya monaziti au apatiti (madini ya fosfati) iliyomezwa ndani; ikiwa imepanda polepole pamoja na kalisi na chuma, punje imebadilishwa.

Kuna kanuni mbili zinazorudiwa bila kufikiriwa. Ya kwanza husema kwamba uwiano mdogo wa thori kwa urani, chini ya 0.1, ni alama ya zirkoni ya miamba-geu. Katika graniti hizi uwiano huo unaweza kuwa wa magma kabisa, kwa sababu urani imezidi na monaziti imechukua thori. Ya pili ni kipimajoto cha titani, yaani kukadiria joto la magma kwa titani iliyomo kwenye zirkoni. Bila rutili, madini ya titani, katika mwamba, kudhani kwamba uyeyuko ulishiba titani hukupa joto la chini kuliko lile la kweli, na ufa mmoja uliojaa uchafu hulipandisha upande wa pili. Mimi huliripoti kwa tahadhari, au siliripoti kabisa.

Upimaji wenyewe una mitego yake. Zirkoni sanifu ya 91500, ambayo hutumika kusahihisha mashine, yenye umri wa takriban miaka milioni 1,065, ina urani ya takriban sehemu 80 tu kwa milioni. Haifanani hata kidogo na punje ya sehemu elfu nane, kwa hiyo ongeza sampuli ya kukagulia yenye urani nyingi, kama Plešovice ya miaka milioni 337. Katika vipimo vya miali ya ayoni, umri huelekea kupanda kadiri urani inavyozidi takriban sehemu 2,500 kwa milioni. Mbinu ya kuchoma na kumumunya kwa asidi kabla ya kupima huondoa sehemu zilizoharibika, lakini punje iliyoharibika yote huyeyuka yote, ukabaki na chombo kitupu. Kuhusu risasi ya kawaida, kumbuka kwamba zebaki iliyomo kwenye gesi ya mashine ina isotopu ya 204 inayoificha risasi-204, ambayo ndiyo hutumika kuikadiria risasi hiyo.

Zirkoni ya kurithiwa, yaani punje za kale ambazo magma ilizibeba kutoka miamba mingine, nayo isisahaulike: kundi dogo la umri mkubwa kuliko ule wa miamba ambayo graniti imeipenya halina mjadala. Pale zirkoni inaposhindwa kabisa, jaribu kolumbiti, madini ya niobi, ambayo hupokea urani na huwa na risasi ya kawaida kidogo, au monaziti, ambayo huvumilia mionzi vizuri zaidi. Vigezo vya kutupa vipimo viandikwe kabla hujaziona namba za umri, na jedwali la mwisho lionyeshe vyote vilivyotupwa pamoja na sababu yake, hata kama vilivyobaki ni vichache kiasi cha kumsikitisha msimamizi wako.