Kompyuta niliyoipima wakati wa kusi ikaniangusha kaskazi

Juzi dada mmoja wa Malindi kanitumia ujumbe wa sauti, anasema, "Dada, mashine yangu nikirenda, yaani nikiitoa video kamili baada ya kuiediti, inafika digrii 97, na feni inavuma kama boti ya injini inatoka gatini, mwanangu kalala chumba kile kile kila mara anaamka, nifanyeje, niuze?"

Usiuze. Nakujibu hapa kwa urefu manake swali hili nishaulizwa sana, na jibu lake mimi nililipata kwa machozi.

Kwa wasionijua, mimi naediti video za harusi hapa Amu, na sana sana siku ya kupamba, siku ambayo ukumbi mzima ni wanawake watupu, buibui zimevuliwa, nywele ziko wazi, bibi harusi kakaa juu na hina yake mpaka magotini. Picha zile ni amana. Zinapigwa na mwanamke, naziediti mimi mwanamke, na zikitoka kwangu zinarudi kwa wenyewe. Sasa fikiria kompyuta kama hiyo ikileta shida unampelekea nani? Kuna fundi mmoja nilimpigia simu zamani, akaniambia nimpelekee mashine yote pamoja na diski zake, nikamwambia diski hazitoki nyumbani, naye akasema basi kaa nayo, hizi si kazi za wanawake. Akakata simu. Nilikaa nayo kweli. Nikaanza kujifunza peke yangu, kila usiku baada ya isha, mpaka nikajua baiosi yangu, ile sehemu ya mipangilio ya ndani ya kompyuta, kuliko ninavyoijua jiko langu.

Prosesa, ndiyo ubongo wa kompyuta, ni Intel Core i7-9700K, kori 8, yaani bongo nane ndani ya moja. Ilivyotoka kiwandani, kori zote zikifanya kazi pamoja inakwenda mbio ya 4.6 GHz (gigahezi). Mimi nikaisukuma mpaka 5.0 kwa volti 1.35. Ilikuwa mwezi wa Julai, kusi imeshika, usiku madirisha yako wazi upepo unapita, chumba digrii 26. Nikaiwashia Prime95, programu ya kuichosha prosesa, saa nzima ikafika digrii 85 ikatulia hapo. Nilifurahi wallahi, nikampigia hadi dadangu Mombasa kumwambia nina gigahezi tano, na yeye hata hajui ni nini, lakini akanipongeza.

Kosa langu limekaa hapo hapo kwenye Julai, ila sikuliona.

Mwezi wa Disemba mamangu akaanza kuumwa na presha, tukamhamishia kwangu. Nyumba yetu ni ya mawe, ya kale, Mkomani, na wanaozijua nyumba hizi wanajua misana, vile vyumba virefu, inafuatana na pazia ndilo mlango, kwa hivyo mama amelala ndani na mimi niko nje ya pazia na mashine yangu, hatua tano. Feni ikipanda anaamka, na akiamka halali tena. Nikaingia kwenye baiosi nikazifunga feni zote kwenye mizunguko 600 kwa dakika, zisipande hata iweje. Kimya kizuri kabisa. Alafu kaskazi ikaanza kuleta vumbi, nikalifunika boksi la kompyuta na leso kwa juu. Yaani nilijiona mjanja.

Februari ikaja harusi kubwa. Mamake bibi harusi alitaka video Ijumaa jioni, manake shangazi wa bibi harusi waliokuja kutoka Oman walikuwa wanaondoka Jumamosi asubuhi na ndio walioigharamia shughuli. Alhamisi saa nne usiku nikabonyeza kurenda, kazi ya saa tatu hivi, nikalala. Kuamka alfajiri naona skrini nyeusi. Nikaiwasha, faili imekatika kwenye asilimia 61. Nikabonyeza tena, ikaenda nusu saa ikazima. Tena, ikazima. Ijumaa ile hata kupika sikupika, mume wangu alinunua mahamri na mbaazi nje akala na watoto, mimi niko chini sakafuni mbele ya boksi nalia kimya mama asisikie.

Jioni mamake bibi harusi akaja mwenyewe. Akaketi. Chai nikamuwekea hakuigusa. Akaniambia tu, "Nipe vitu vyangu mwanangu," nikampa kadi zote na diski, akavitia mkobani akatoka. Tangu siku hiyo pana harusi tatu za ukoo ule na sikuitwa hata moja, na mitaa yetu myembamba hii tunakutana kila siku, tunasalimiana vizuri, lakini najua na yeye anajua.

Sasa dada wa Malindi, sikiliza nilichokikuta. HWiNFO, programu inayoandika joto na mbio za prosesa, nilikuwa nimeiacha inaandika usiku mzima, nikaifungua ile faili. Dakika ya ishirini prosesa ishagusa 100, na 100 ndiyo kikomo chake, ikifika hapo inajipunguza mbio yenyewe ili isiungue. Kwa hivyo gigahezi tano zangu hazikuwepo hata, ilikuwa inakwenda chini ya vile ilivyotoka kiwandani! Alafu prosesa iliyosukumwa ikichemka inataka volti zaidi ili isikosee kwenye mbio ile ile, kile kilichosimama imara kwenye 85 kinayumba kwenye 98, ndiyo ikawa inazima.

Na joto la chumba? Nilitoa pima joto ya ukutani, ya bei ndogo tu, nikaiweka karibu na feni ya mbele. Digrii 33, saa sita usiku. Julai ilikuwa 26. Digrii 7 zile zote zinahamia kwenye prosesa moja kwa moja, hazina pengine pa kwenda, manake feni haipoozi hewa, inaisogeza tu. Hawa jamaa tunaowatazama mtandaoni wanajaribu vitu vyao London au wapi, chumba kina 20 au 21, anakwambia hii inafika 75 na wewe unaamini, wewe uko Malindi mwezi wa tatu na chumba chako ni 33, ongeza 12 juu ya hesabu yake ndiyo yako. Basi usiandike kamwe "prosesa yangu ni 80". Andika imezidi chumba kwa ngapi. Hiyo ndiyo namba isiyobadilika kusi wala kaskazi, na mipaka yako ipange kwa mwezi mbaya kuliko yote, si kwa usiku wa Julai.

La pili ni volti, na hili ndilo lililoniuma zaidi. Joto linalotoka kwenye prosesa linapanda sawa na mbio, lakini kwa volti linapanda kwa volti mara volti. Nilishuka kutoka 5.0 kwa 1.35 nikaja 4.8 kwa 1.22. Chukua kalamu upige hesabu: ile ya juu inatoa joto zaidi ya robo nzima kuliko hii ya chini, na mbio ilizoniongezea ni kama asilimia 4. Kurenda kwangu kwa saa tatu kuliongezeka dakika saba na nusu. Dakika saba! Kwa dakika saba nilipoteza ukoo mzima wa wateja. Kila prosesa ina yake, ya kwako huenda ikataka 1.25 au ikakubali 1.19, shuka polepole hatua moja moja, na kila hatua iache ifanye kazi saa nzima kabla hujashuka tena. Na kwenye baiosi nikaweka kikomo cha wati 125, hata ikitokea nini isipite hapo.

Leso nilitoa siku hiyo hiyo. Jaribu hili leo: renda nusu saa uandike joto, alafu fungua ubavu wa boksi urende tena. Kwangu ilishuka digrii 9. Ikishuka hivyo ujue kosa si la prosesa wala la kipoozeo, kile chuma chenye feni kinachokaa juu ya prosesa, ni boksi halipumui. Haya maboksi yanayouzwa ati ni ya kimya, yamefungwa mbele na kuwekwa sponji ndani, huku pwani yanatuchemshia tu. Mimi kifuniko cha mbele nilikitoa nikaweka wavu.

Kipoozeo nilichokuwa nacho kilikuwa kidogo, feni moja. Nilikusanya pesa miezi minne nikaagizia Noctua NH-D15 kutoka Nairobi, lina feni mbili za milimita 140, lina urefu wa milimita 165 kwa hivyo pima boksi lako kabla hujatoa pesa, na uzito kilo 1 na gramu 320. Na ukihama nalo kwa boti kuja Mokowe litoe kwanza, lile zito, boti ikipiga wimbi linaivuta madabodi, ile bodi kubwa ya ndani. Ukilitoa ujue utapaka pesti upya, ile dawa inayopitisha joto kutoka prosesa kwenda kipoozeo, futa ya zamani na spiriti, upake kidogo kama punje ya mbaazi.

Feni sasa. Kubwa na taratibu, hivyo tu. Feni ukiipunguza mizunguko nusu, kelele inashuka kama desibeli 15, na ukiongeza feni ya pili kama ile unaongeza desibeli 3 tu, basi feni mbili za pole ni bora kuliko moja inayokimbia. Lakini usizifunge kama nilivyozifunga mimi. Ziambie kwenye baiosi zianze mizunguko 500, zipande taratibu, zifike 800 prosesa ikiwa 75, na prosesa ikipita 85 ziachiwe zote zivume, mtoto aamke, potelea mbali, kuliko kazi ya mtu kukatika. Pale pana sehemu ya kuchelewesha, weka sekunde kadhaa zisiwe zinaruka juu na chini, manake mamangu hakuwa anaamshwa na mvumo, alikuwa anaamshwa na ule mvumo unaopanda ghafla na kushuka. Mvumo mmoja uliotulia mtu analala nao kama anavyolala na bahari.

Vumbi na chumvi vinakula, usivisahau. Feni zinazoingiza hewa ziwe nyingi kuliko zinazotoa, na zenye chujio, mimi nina mbili mbele na moja nyuma, na wakati wa kaskazi chujio naziosha kila wiki mbili. Mashine isikae dirisha linalotazama bahari. Skrubu zangu za nyuma zilishika kutu mwaka wa kwanza.

Na nyinyi wasichana mnaoniandikia kwamba mnaogopa kuingia kwenye baiosi, ingieni. Picha za wanawake wenzenu mmezibeba nyinyi, fundi hatazibeba kwa niaba yenu. Ukiapa kwamba amana haitoki mlangoni basi na ujuzi uwe ndani ya mlango huo huo, la sivyo siku kazi itakapokatika utachagua kati ya kuivunja amana na kuivunja ahadi, na mimi niliivunja ahadi, bado inaniuma nikipita pale mtaani kwao. Jifunzeni kabla ya harusi, si usiku wake.

Machi hii iliyopita nimerenda harusi ya siku tatu, chumba 33, prosesa 74, feni ziko 780. Mama alilala mpaka adhana.

Dada, nunua pima joto leo. Alafu nitumie namba mbili, ya chumba na ya prosesa, baada ya kurenda nusu saa, na uniambie mashine umeiweka wapi chumbani. Ukinitumia moja tu sitakuwa na la kukujibu.