Skimia iliyo kivulini mbona haizai?

SWALI: Nina kichaka cha skimia nilichokipanda karibu na ukuta, mahali panapopata jua kidogo tu la asubuhi. Kila mwaka kinachanua vizuri, lakini sijaona hata tunda moja jekundu, na sasa majani machanga yanageuka manjano. Je, nikihamishie penye jua?

JIBU: Tafadhali usikihamishie penye jua. Skimia, ambayo kitaalamu huitwa Skimmia japonica, asili yake ni misitu ya Asia Mashariki, ikiwemo ya Japani, na imezoea kuishi chini ya miti mikubwa. Jua kali la mchana ndilo hupausha majani yake.

Kuhusu matunda, aina nyingi za skimia hubeba maua ya kiume kwenye mmea mmoja na ya kike kwenye mwingine, na mmea jike hauzai mpaka wadudu wauletee chavua kutoka kwa dume lililo jirani. Yachunguze maua yanapofunguka: ukiona vumbi la manjano la chavua, mmea wako ni dume na hautazaa hata ukiutunza namna gani, kama ilivyo kwa ‘Rubella’, aina ya kiume inayopendwa kwa vitumba vyake vyekundu. Usipoiona chavua, huenda ni jike, nawe panda dume moja karibu, ambalo laweza kutosheleza majike kadhaa. Penye nafasi ya mmea mmoja tu, ningechagua ‘Reevesiana’, kwa kuwa maua yake yana jinsia zote mbili.

Umanjano wa majani machanga, hasa mishipa yake ikibaki ya kijani, kwa kawaida huonyesha kwamba mmea unakosa madini ya chuma kwa sababu udongo una chokaa nyingi, na ninaushuku ukuta wako, maana chokaa ya saruji huweza kuchujuka polepole hadi kwenye mizizi. Pima udongo kwanza. Kisha tandaza mboji ya majani yaliyooza, unene wa sentimita 5 hivi, bila kuigusisha na shina, na umwagilie maji ya mvua kila uyapatapo. Iwapo kipimo cha pH (kinachoonyesha tindikali ya udongo, na hupanda kadiri chokaa inavyozidi) kimezidi 7 kwa mbali, ni afadhali kukiotesha kichaka ndani ya chungu chenye udongo wa tindikali.

Kupogoa hakuhitajiki sana, kwani skimia hukua taratibu. Matunda yakitokea, wazuie watoto wasiyale, kwa maana huumiza tumbo.