Jibu: Mnatoka Dallas kumwona Beyoncé, gari na begi mfanyeje

Habari za leo, dada. Nimekusoma: wewe na mdogo wako mna tiketi za onyesho la mwanamuziki Beyoncé kwenye uwanja wa NRG Stadium, Houston, tarehe 28 Juni 2025, ila mmekwama kuhusu pa kuacha gari na begi la kuingia nalo.

Anza na begi, maana ndilo linalorudisha watu getini. Liwe la plastiki inayoonyesha kila kilichomo, lisizidi inchi 12 kwa 6 kwa 12. Pochi ndogo ya kiganjani inaruhusiwa. Tiketi ziingizeni kwenye waleti ya simu mkiwa bado hotelini. Picha ya skrini msiitegemee.

Gari msije nalo uwanjani. Mimi hata msimu wa rodeo (mashindano ya kupanda farasi na fahali), uwanja huohuo, huliacha nikapanda treni ya METRORail, Red Line, nauli dola 1.25. Tafuteni hoteli katikati ya mji au Medical Center, eneo la hospitali, karibu na kituo cha treni hiyo. Mnashuka Stadium Park/Astrodome, kisha mnatembea kuvuka maegesho. Onyesho likiisha kituo hufurika, kwa hiyo subirini kidogo kwenye viti vyenu, msigombanie treni ya kwanza.

Kofia pana na buti za mtindo wa cowboy vaeni kwa raha zote! Huu ni mji wa rodeo, na Beyoncé mwenyewe ni mtoto wa hapa, wa mtaa wa Third Ward. Ila buti mpya zivaeni nyumbani siku kadhaa kwanza zilainike kisigino. Na maji mnywe kabla ya kutoka. Joto la Juni hapa si mchezo, ingawa ndani kuna kiyoyozi.