Kwa Anayetaka Kufungua Nyumba ya Wageni wa Magari ya Kale

Wengi wanaoniuliza kuhusu kazi hii huanza na vyumba: idadi ya vitanda, mapazia, picha za kutundika ukutani. Mimi huwaomba wanionyeshe kwanza uwanja wao. Mgeni aliyekuja Naivasha, mji wetu wa ziwani nchini Kenya, akiendesha Peugeot 504 aliyorithi kwa baba yake, na ambaye amekuwa akizitafutia vipuri milango na taa zake kwa miaka, hatapata usingizi juu ya godoro lolote ikiwa gari hilo limelala nje ya ua.

Kwa hiyo, fedha za mwanzo zitumike kujenga banda lenye paa, mlango wa kufuli, taa za kutosha, soketi ya kuchajia betri, na sakafu ya saruji iliyo tambarare, ambayo jeki haizami. Lango liwe pana, na ndani pawe na nafasi ya kugeuza trela, kwa kuwa wengine huyaleta magari yao yakiwa yamebebwa. Injini za zamani huvuja oili hata zikiwa nzima. Weka sinia za bati na maranda ya mbao, wala usikunje uso. Anayechukizwa na doa la oili afungue hoteli ya kawaida.

Jambo la pili ni kuyafahamu mazingira yako. Naivasha iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, iliyorekebishwa Mombasa pwani, ikifika huku itamwaga petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo, ndipo injini itakapotoa moshi mweusi na kupungukiwa na nguvu. Hulazimiki kuwa fundi, lakini ni lazima uwe na simu ya fundi mzee anayezijua kabureta, kwa maana vijana wengi wa gereji wamefunzwa kwa magari yanayopimwa kwa kompyuta. Wafanyakazi nao waelezwe kwamba gari la mgeni halioshwi wala kufutwa bila idhini yake, kwani vumbi la Bonde la Ufa likisuguliwa kwa kitambaa kikavu hukwaruza rangi.

Kifungua kinywa kiwe tayari alfajiri. Magari haya huchemka upesi, na mwenye busara hupenda kuupanda mlima wa kurudi Nairobi kabla jua halijawa kali.

Kuhusu biashara yenyewe, usijenge hesabu zako juu ya mashindano. Mbio za magari za Safari Rally, zilizoanza mwaka 1953, zilirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, na Naivasha hufurika wakati huo. Mashindano ya Safari ya magari ya kale, yaliyoanza mwaka 2003, hayafanyiki kila mwaka. Hizo ni siku chache. Wanaolipa mishahara ya wafanyakazi ni watu wa vilabu vya Nairobi wanaotoka pamoja wikendi, na hao huja na wenzi ambao, nasema kwa upendo, wamechoka kusikia habari za kabureta. Waandalie safari ya mashua ziwani au matembezi katika hifadhi ya Hell's Gate. Kwa wenye magari, keti usikilize: dereva Joginder Singh alishinda Safari Rally mwaka 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi, na kila mzee ana kumbukumbu yake ya barabarani msimu wa Pasaka.

Leseni za kaunti na za utalii utaelekezwa ofisini. Bima ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu bima ya nyumba mara nyingi hulinda mali yako tu, si gari la mgeni lililo chini ya ulinzi wako. Dai kipengele cha kulilinda gari hilo kwa maandishi. Gari likifika, lipigwe picha pande zote mbele ya mwenyewe, naye atie sahihi. Bandani ning'iniza vizima moto vya poda au povu, kwa kuwa maji husambaza moto wa petroli, na mtungi wa gesi ya jikoni ukae mbali na banda hilo.