Kwa mliopewa jedwali la uwekezaji kwa mara ya kwanza

Katika takwimu zote za pato la taifa, hakuna mstari unaorukaruka kama ule wa uwekezaji. Mwaka ukiwa mbaya watu bado hula, hupanda gari, hulipa kodi ya nyumba. Lakini kununua mashine au kujenga ghala ni jambo la kungoja, na ndiyo maana huyumba.

Mfikirie mwenye matatu kumi, yale mabasi madogo ya abiria. Kila mwaka moja huchakaa, naye hununua nyingine badala yake. Abiria wakiongezeka kwa asilimia 10 atahitaji matatu 11, kwa hiyo mwaka huo atanunua mbili: uwekezaji wake umepanda kwa asilimia 100. Mwaka unaofuata abiria ni walewale, hakuna aliyepungua. Ananunua moja tu, ya kuziba pengo. Uwekezaji umeshuka kwa asilimia 50, na mapato yake hayajapungua hata shilingi. Naumia kila ninaposoma ripoti ya kijana mwenye akili nzuri aliyeandika hapo kwamba wawekezaji wamepoteza imani. Fanyeni hesabu hii kwa kalamu na karatasi mpaka iwakae kichwani.

Miradi ya serikali nayo huenda hivyohivyo. Reli ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi, takriban kilomita 472, ilizinduliwa Mei 2017. Wakati wa ujenzi, kila daraja na kila tuta lilihesabiwa kuwa uwekezaji. Kipande kilichofuata, cha kwenda Naivasha, kilikuwa kilomita 120 tu. Wajenzi bado walikuwa kazini, ila kazi yenyewe ilikuwa ndogo, na kiwango cha ukuaji hupima tofauti na mwaka uliotangulia. Hata mradi unaotumia pesa zilezile miaka miwili mfululizo huchangia sifuri katika ukuaji wa mwaka wa pili.

Angalieni bei pia. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 za Kenya, kisha kufikia katikati ya mwaka ikawa karibu 130. Mashine ya dola 100,000 ilitoka milioni 16 hadi milioni 13 bila kubadilika hata skrubu. Someni kwanza safu ya bei za kudumu, ile iliyoondolewa mabadiliko ya bei. Na msingoje Ripoti ya Uchumi ya kila mwaka. KNBS, shirika la takwimu la taifa la Kenya, hutoa viashiria kila mwezi, na matumizi ya simenti yatawaonyesha mapema ujenzi unaelekea wapi.

Sehemu ngumu ni kutafuta sababu ya uwekezaji kupanda au kushuka. Septemba 2016 Kenya ilianza kuzuia riba ya mikopo isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha riba cha Benki Kuu. Benki ziliona haina maana kumkopesha mfanyabiashara mdogo kwa riba hiyo huku hati za mkopo za serikali zikilipa vizuri bila hatari, na mwaka 2017 ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi ukakaribia kusimama. Wengi huishia hapo: sheria ndiyo iliyoua mikopo. Rudisheni chati nyuma kidogo. Ukuaji wa mikopo ulikuwa umeanza kuteremka kabla ya sheria, baada ya Imperial Bank kuwekwa chini ya usimamizi Oktoba 2015 na Chase Bank Aprili 2016. Kisha 2017 ikaja na ukame na uchaguzi wa urais uliorudiwa. Mimi naamini sheria ile ilifanya madhara makubwa, hasa kwa wakopaji wadogo, lakini haiwezi kubebeshwa mteremko wote.

Sheria ilifutwa Novemba 2019. Machi 2020 korona ikaingia nchini. Anayetaka kupima uwekezaji ulivyofufuka baada ya riba kuachiliwa ana takriban miezi minne tu ya takwimu safi, na kuagiza mashine, kuileta na kuifunga kiwandani huchukua muda mrefu kuliko huo.