Ngozi kuwa nyeusi na kuchubuka wakati wa mionzi ya titi

Dada uliyeuliza kama mama aache mionzi ya saratani ya titi kwa kuwa ngozi ya titi imekuwa nyeusi tii na inawasha, pole sana. Asikatishe kabla ya kuongea na daktari wake. Mimi nilipigwa mionzi Dar baada ya upasuaji, hayo nayajua.

Maelezo mengi husema ngozi itakuwa nyekundu. Kwetu weusi wekundu huo mara nyingi hauonekani: ngozi inakoza, inakuwa ya zambarau au nyeusi, inapata moto na kukaza. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kutazamwa juu juu akaambiwa yuko sawa. Mama aseme mwenyewe panapochoma, na anyanyue titi wamwone chini yake. Mimi niliumia zaidi kwenye mkunjo ule na kwapani, jasho lisipokauka na ngozi ikisuguana. Kwingine palikauka na kubanduka magamba tu.

Kuoga aoge, jamani! Maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato hayana neno, ila asisugue wala asifute alama alizochorwa za kuelekeza mionzi. Ajikaushe kwa kugusagusa. Mimi nilitumia kanga kuukuu iliyokwisha lainika, na nyumbani sikuvaa sidiria. Ya kutokea ilikuwa ya pamba, isiyo na waya.

Liwa, manjano, kukanda kwa maji ya moto, barafu: hapana. Muulizeni daktari kuhusu krimu ya mometasone, dawa ya steroidi ya kutuliza ngozi. Tafiti zimeonyesha inapunguza ukali, lakini hupakwa kwa maelekezo, kwenye ngozi ambayo haijachubuka. Ikishafunguka na kutoa majimaji, anahitaji kufungwa bandeji isiyogandia kidonda. Akiona usaha, harufu au homa, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mwandae pia kwa hili: mionzi ikiisha, ngozi huweza kuzidi kuwa mbaya kwa wiki moja au mbili ndipo ianze kupona. Kwangu kwapa lilichubuka nikiwa nimeshamaliza. Wengi hupona ndani ya mwezi hivi, weusi ukachelewa kutoka. Sehemu hiyo aikinge na jua.

Na mnaosoma hapa ambao hamjaanza, ulizeni kama ratiba fupi inawafaa, mfano jumla ya greyi 40 (greyi ni kipimo cha dozi ya mionzi) zikigawanywa mara 15, badala ya jumla ya greyi 50 zikigawanywa mara 25. Kwenye ile fupi ngozi haiumii sana kama kwenye ile ndefu.