Picha za familia: tarehe na majina kwanza, albamu baadaye

Ndugu wakishajua kwamba wewe ndiye mtunzaji wa picha za ukoo, zitakufikia kwa kila njia: flashi ya harusi ya binamu, albamu ya bibi ya kuskani, na mamia ya picha za WhatsApp baada ya kila msiba na kila send-off. Kazi hii naifanya kwa digiKam, programu ya bure inayotumika kwenye Windows, Linux na Mac, na nimeipenda kwa sababu picha zinabaki kwenye kompyuta yangu.

Wengi huanza kwa kutengeneza albamu. Mimi nasema albamu zisubiri, rekebisha tarehe kwanza. Programu za picha hupanga kwa tarehe ambayo kamera imeiandika ndani ya faili. WhatsApp inapopunguza ukubwa wa picha huyafuta maelezo hayo, na ndiyo maana harusi ya 2017 unaikuta imechanganyika na picha za juzi.

Dawa iko kwenye jina la faili. IMG-20170814-WA0034 maana yake picha ilipita WhatsApp tarehe 14 Agosti 2017. Teua picha zote za kundi hilo, fungua zana ya kurekebisha muda, iambie isome tarehe kutoka kwenye jina la faili. Kumbuka tu kwamba hiyo ni siku ya kutumwa: 14 ilikuwa Jumatatu, harusi yenyewe ilikuwa Jumamosi tarehe 12, kwa hiyo rudisha siku mbili nyuma. Na siku nyingine mwombe mpigapicha akutumie kama dokumenti, maelezo yatabaki salama.

Za kuskani huwa hazina tarehe ya kweli. Kama unachojua ni miaka ya 80 tu, weka 1985 na lebo ya "tarehe ya kukisia".

Baada ya hapo, majina, na hapa usiharakishe. digiKam inatambua sura, ila mara ya kwanza hupakua mafaili makubwa ya kazi hiyo, basi tafuta wifi kabla ya kumaliza bando. Itakupendekezea majina, wewe unathibitisha. Mama na binti yake wanaofanana itawachanganya, kwa hiyo kagua moja moja.

Kwenye lebo andika jina kamili. Usiandike "Bamkubwa" wala "Mama Neema". Bamkubwa wako ni babu kwa mwanao, na akina Mama Neema kwenye ukoo mmoja wanaweza kuwa watatu. Jina la utani na udugu viweke kwenye maelezo ya picha. Kisha beba laptop uende kwa wazee. Bibi akiona picha ya watu wamesimama mbele ya duka, atakwambia duka lilikuwa la nani, nani alikuwa mjamzito siku ile, na kwa nini yule wa pembeni hacheki. Andika palepale, kwa maneno yake. Kazi hii ndiyo ya kufanya mwaka huu, kwa sababu kupanga folda kunaweza kufanywa na yeyote, hata miaka 20 ijayo.

Jambo la mwisho ni mpangilio mmoja ambao watu huupita bila kuusoma. digiKam ikifunguliwa mara ya kwanza huuliza kama iandike maelezo ndani ya mafaili yenyewe. Kubali. Google ilipoachana na Picasa, programu yake ya kupanga picha, mwaka 2016, picha za watu zilibaki, lakini albamu zilizokuwa ndani ya hifadhidata ya programu hazikuhamia kwingine zenyewe. Kwa hiyo jaribu mapema: nakili folda moja kwenye diski ya nje, ifungue kwenye kompyuta nyingine kwa programu nyingine, uangalie kama jina la bibi limekuja na picha yake. Likija, endelea na folda inayofuata.